Shangazi, niliandikiwa dawa ya moyo lakini sijaimeza

Msomaji mwenye umri wa miaka 34, aliyejiita Mwenye Mashaka, anaeleza kwamba moyo wake huenda mbio hata akiwa ameketi, na kila anapohesabu mapigo huyakuta kati ya 110 na 120 kwa dakika. Daktari alimpima umeme wa moyo, akamwambia kwamba mpigo una mpangilio mzuri ila kasi imezidi, akamwandikia propranolol ya kumeza asubuhi na jioni. Hajameza hata kidonge kimoja, na sasa anauliza ameze au asimeze. Ameisoma karatasi ya maelezo mara mbili na kuirudisha ndani ya pakiti. Dada yake amemwonya kwamba dawa za moyo ukizianza huziachi tena. Na mumewe akimuuliza, humjibu kwamba anazitumia. Chini kabisa, baada ya salamu, ameongeza kwamba ana pumu tangu utotoni, “lakini siku hizi navuta dawa mara mojamoja tu kifua kinapobana, kwa hiyo sikuona haja ya kumtajia daktari.”

Mwanangu,

Barua yako nimeijibu kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu jambo zito kuliko yote umeliweka mahali ambapo watu huandika habari za hali ya hewa.

Propranolol ni mojawapo ya dawa ziitwazo vizuizi vya beta. Hufanya kazi kwa kuziba vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, ambavyo homoni ya adrenalini hutumia kuuharakisha moyo, na ndiyo maana mapigo hushuka. Lakini vipokezi vya jamii hiyo vimo pia katika njia za hewa za mapafu, ambako kazi yake ni kuzisaidia zitanuke, na propranolol haibagui kati ya moyo na mapafu. Mtu mwenye pumu akiitumia anaweza kubanwa kifua vibaya, na linaloongeza hatari ni kwamba dawa ya kuvuta aliyoizoea, kama ni salbutamol, huenda isimsaidie kama siku zote, kwa kuwa inategemea vipokezi vilevile vilivyokwisha kuzibwa. Kwa sababu hiyo wenye pumu kwa kawaida hawapewi propranolol, hata wale ambao pumu yao imetulia.

Tena kuna upande wa pili ambao pengine hujaufikiria: salbutamol yenyewe huuharakisha moyo. Sisemi kwamba ndiyo chanzo cha tatizo lako, maana mtu anayeivuta mara mojamoja hawezi kutarajiwa kuwa na mapigo 115 kila siku; nasema tu kwamba daktari aliyekuandikia dawa hakuwa na habari hiyo alipokuwa akifikiri. Aliamua kwa haki kabisa kulingana na alichoambiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la “nimeze au nisimeze” ni kwamba usianze vidonge hivyo kabla hujampata daktari na kumwambia habari ya pumu, na usiache kwenda kwake kwa kuwa umepata sababu ya kutovimeza. Nasisitiza hilo la pili kwa kuwa nakuona ukishusha pumzi. Moyo unaokwenda kasi sana kwa miezi mingi bila kutulia unaweza, kwa baadhi ya watu, kudhoofisha msuli wake wenyewe. Zipo dawa nyingine, zikiwamo za jamii hiyohiyo zinazolenga zaidi moyo kuliko mapafu, ambazo daktari anaweza kuzipima kwa uangalifu, na zipo za jamii tofauti kabisa. Huo ni uamuzi wake pamoja nawe, si wangu wala wa dada yako.

Ukiwa huko, uliza pia chanzo kimetafutwa kwa kiasi gani. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na yakipita hapo mara nyingi moyo unaitikia jambo lililoko kwingine: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, homa, ukosefu wa maji mwilini, mimba changa, wasiwasi wa muda mrefu, au kahawa nyingi. Barua yako haitaji kipimo chochote cha damu. Kama hakikufanyika, si utovu wa adabu kuuliza kwa nini.

Dada yako ameshika nusu ya ukweli. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa mraibu, na wengi huzitumia kwa muda kisha wakaziacha chanzo kinapotibiwa. Ila haziachwi kwa ghafla: mtu aliyezitumia kwa majuma kadhaa akikatiza siku moja, mapigo na shinikizo la damu huweza kupanda kwa kishindo, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo huweza kupatwa na maumivu makali ya kifua. Hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari. Nadhani dada yako aliwahi kumsikia mtu akikatazwa kuziacha ghafla, naye akaelewa kwamba haziachwi kabisa.

Kuhusu karatasi ile iliyokutisha, uchovu, mikono na miguu kuwa baridi, ndoto nyingi na kizunguzungu unaposimama ghafla ni mambo yanayotokea kweli kwa baadhi ya watumiaji wa vizuizi vya beta. Isome pamoja na mfamasia, naye atakuonyesha yapi ni ya kuvumilia na yapi ni ya kurudi nayo mara moja.

Wakati unasubiri miadi, ukizimia, ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi, au moyo ukianza ghafla kupiga kwa kasi isiyo ya kawaida na usitulie, nenda kwenye huduma ya dharura saa hiyohiyo.

Limebaki la mumeo. Uongo ulioanza nyumbani utakufuata hadi kliniki: ukimwambia daktari kwamba unatumia dawa huku mapigo yakiwa yaleyale, ataona dozi haitoshi na kuiongeza, kisha siku utakayopata ujasiri utaanza na dozi kubwa ambayo mwili wako haujawahi kuionja. Mwambie mumeo leo kwamba hukuvimeza kwa sababu uliogopa, na kwamba kuna jambo hukumweleza daktari. Akikasirika, mwache akasirike. Usiku ambao kifua kitakubana ukashindwa kusema, yeye ndiye atakayeulizwa unatumia dawa gani, nao watakutibu kwa kufuata jibu lake.

Shangazi