Usimkimbie mwalimu mwenzako: kwa nyinyi mnaoanza kufundisha muziki na sauti hapa Mombasa

Mie nilianza kufundisha kibodi na kuimba nyumba kwa nyumba, asubuhi Nyali, mchana Tudor, jioni niko Likoni nangojea feri na kibodi begani, na kwa miaka kama minne hivi sikuwahi kumuona mwalimu mwengine akifundisha. Hata mmoja. Nikisikia kuna mtu anafundisha mtaa fulani naona huyo atanichukulia watoto, basi hata salamu namnyima.

Kilichonizindua ni kijana mmoja wa miaka 13. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, mpaka wamama kanisani wanatoa leso, halafu ghafla sauti ikaanza kukwaruza na kupasuka katikati ya wimbo. Mie nikaona huyu kashaanza uvivu, nikamuongezea mazoezi, nikamlazimisha juu kulekule wiki mbili tatu, mpaka siku moja akaja hawezi hata kusalimia. Mamake alinipigia simu, na hiyo simu sitaki kuikumbuka.

Aliyenitoa ni mwalimu mmoja wa kwaya huko Changamwe, na huyo ndo niliyekuwa namkwepa zaidi. Akacheka kwanza, halafu akanambia kijana anavunja sauti huyo, kikoromeo kinakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka kama oktavu nzima, yaani kama kutoka do ya juu mpaka do ya chini, sasa wewe unamvuta juu anakoondoka! Dawa yake ni kumshushia kii, yaani wimbo wote ushuke chini, aimbe zile noti chache za katikati zinazotoka bila kusukuma, wimbo ukipanda anyamaze, na kila baada ya wiki kadhaa umpime upya manake leo si kama mwezi ujao. Dakika kumi tu za simu. Yeye alikuwa na vijana sita wa aina hiyo kwaya moja, mie wangu alikuwa wa kwanza. Ukifundisha mmoja mmoja majumbani, jambo ambalo mwenzako analiona kila muhula wewe laweza kukupitia mara moja kwa miaka mitano, na hiyo mara moja ushaharibu.

Kwa hivyo ombeni kuingia madarasani mwa wenzenu. Lakini kuna adabu yake. Unakaa nyuma, simu iko kimya, husahihishi mtoto wa mtu wala hukunji uso noti ikienda kombo (nishafanyiwa, inauma). Darasa likiisha mnatafuta chai na mahamri, unauliza swali moja la kweli, mfano kwa nini ulimsimamisha pale na si pale. Hiyo ya mie ningefanya hivi, iwache nyumbani. Halafu nawe umualike, na utatoka jasho siku hiyo nakwambia. Mie nilihesabiwa dakika, katika darasa la nusu saa mtoto aliimba dakika tisa, zilizobaki naongea mie. Tena nikawa naimba pamoja na mtoto, yaani sauti yangu ndo naisikia, yake siijui. Miaka yote hiyo.

Usiende kwa watu wa aina yako peke yake. Nilikuwa na msichana anataka kuimba taarab, kila akifika noti ya tatu ya skeli mie nasikia iko chini kidogo, nampigia piano nasema panda, anapanda, wimbo unapoteza utamu wote. Nikampeleka kwa mzee mmoja mpiga udi Mji wa Kale. Mzee akamskiza, akaniangalia mie, akasema mtoto yuko sawa, hiyo ni rast. Rast ni skeli ya muziki wa Kiarabu, na noti yake ya tatu inakaa baina ya ile ya skeli ya meja na ile ya maina iliyo chini yake, na piano ya kawaida haina kidude cha kubonyeza hapo, udi unayo kwa sababu shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa, kidole kinasimama popote. Ndo maana kibodi za kiarabu zina swichi za kushusha noti kwa robo toni. Msichana akabaki kwa mzee, na mie mpaka leo namfundisha pumzi tu, siku moja kwa wiki. Nilipoteza pesa kidogo hapo, kweli, lakini huyo mzee kanitumia wanafunzi watatu wa kibodi baadaye.

Na madaktari wa masikio, pua na koo nao wahesabuni wenzenu. Aliyetufungulia njia hiyo alikuwa mwalimu wa kuimba kama sisi, Manuel Garcia, Mhispania, mwaka 1854 alichukua kijioo kama cha daktari wa meno akakiingiza kooni na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, na mwaka uliofuata akapeleka habari hizo Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, hakujifungia nazo. Akaishi miaka 101, sijui ni kuimba au ni nini. Basi mwanafunzi akiwa na sauti ya kukwaruza zaidi ya wiki tatu usimpe tangawizi na asali ukasema itapita, mpeleke akaangaliwe.

Mambo ya pesa semeni mapema, kabla mtoto hajahama. Sisi tulikubaliana anayepokea mwanafunzi hampi mwenzake kitu, manake safari ijayo itageuka, na mtu hashushi bei ili kumvuta wa mwenzake. Kundi letu la WhatsApp lina sheria moja, ukituma rekodi tuma ya darasa lililokushinda, zile za kujisifu pelekeni kwingine. Mtoto akiwemo, mzazi akubali kwanza.

Mwisho wa mwaka tunakodi ukumbi pamoja, wanafunzi wa walimu wanne jukwaa moja, gharama tunagawana. Mwaka wa kwanza niliogopa wazazi watalinganisha, na wakalinganisha kweli, mama mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, mwalimu niambie ukweli, baina yako na yule wa Changamwe nani bora. Nikamuuliza, mwanao ana miaka mingapi?