Humusi laini: pima dengu zikishaiva, si zikiwa kavu

Toleo hili nimezipa nafasi barua za humusi, ule urojo mzito wa dengu zilizosagwa na tahini, yaani ufuta uliosagwa. Zimekuja nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: vipimo havielewani.

Shikamoo bibi. Nilionja humusi kwenye harusi ya jirani, nikaipenda sana. Nikafuata maelezo niliyoyaona kwenye simu: kikombe kimoja cha dengu, robo kikombe ya tahini, limau moja, punje moja ya thomu (kitunguu saumu). Imetoka kavu, ina chengachenga, na ladha yake ni ya dengu tupu. Maelezo mengine yanasema tahini kikombe kizima! Nifuate vipimo vya nani? – Mama wa watoto wawili, Tanga

Marahaba mwanangu. Kwanza nikuulize: kile kikombe cha dengu ulikipima zikiwa kavu, au zilikwisha kuchemka? Kwa namna unavyoieleza humusi yako, naona zilikuwa kavu. Maelezo mengi yameandikwa na watu wanaotumia dengu za kopo, ambazo zimeshaiva, lakini hawakumbuki kulisema hilo. Dengu kavu zikilowekwa na kuchemshwa huongezeka sana. Robo kilo hufika karibu gramu 600, na kikombe kimoja hutoa vikombe viwili na nusu hadi vitatu. Ile robo kikombe ya tahini ilikusudiwa kikombe kimoja na nusu cha dengu zilizoiva. Wewe uliitia kwenye karibu mara mbili yake, ndiyo maana tahini haikuonekana ilikokwenda.

Basi anza upya, na dengu zipime baada ya kuchuja maji. Mimi hutumia sehemu tatu za dengu zilizoiva kwa sehemu moja ya tahini, kwa uzito. Kama huna mzani, chukua vikombe vitatu vya dengu zilizoiva na theluthi mbili za kikombe cha tahini. Hapo utahitaji vijiko vinne vya chakula vya maji ya limau, punje mbili za thomu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na vijiko vitano au sita vya maji baridi sana. Wanaopenda humusi nyepesi hushuka hadi sehemu nne za dengu kwa moja ya tahini. Wanaopenda nzito na laini kama malai hupanda hadi mbili kwa moja. Kwa hiyo yule aliyekuambia kikombe kizima hakukudanganya, alikuwa na dengu nyingi zaidi au anapenda tahini zaidi. Ukishajua kwamba dengu zinapimwa zikiwa zimeiva, maelezo yote hayo utaona yanakaa kwenye mstari mmoja.

Sasa hizo chengachenga. Hapo kosa halimo kwenye vipimo wala kwenye blenda, limo kwenye sufuria. Nilipofanya kazi Muscat, jikoni kwenye mkahawa wa vyakula vya Sham, yaani Syria, Lebanoni, Palestina na Yordani, mpishi aliyenifunza alikuwa mtu wa Nablus, mji wa Palestina. Hakuwasha mashine hata siku moja kabla ya kuchukua dengu kutoka sehemu mbalimbali za sufuria na kuzibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikisagika bila kubisha, sawa. Ikiwa na kiini kigumu, hata kidogo, sufuria inarudi motoni. Dengu ya kutia kwenye mchuzi huitaka ibaki nzima. Ya humusi huitaka imeiva kupita kiasi, inavurugika yenyewe.

Ziloweke usiku kucha kwa maji mengi, na utie nusu kijiko cha chai cha magadi soda, ile nyeupe ya pakiti. Kwa joto la Tanga zisikae mezani mpaka zichache. Ziweke kwenye friji, au ubadilishe maji kabla hujalala. Asubuhi zioshe, tia maji mapya, nusu kijiko kingine cha magadi, chemsha, na uenguwe povu na maganda yanayoelea juu. Magadi hulegeza kile kinachoshikilia ganda, ndipo ganda huachia na dengu huvunjika. Hili lina uzito zaidi kwenu wenye maji ya visima vya pwani, kwa sababu maji yale yana chokaa nyingi, na chokaa hukaza ganda, unachoma mkaa saa nzima bila faida. Kama unaweza, chemshia maji ya mvua. Lakini magadi usizidishe, humusi itakuwa na ladha ya sabuni. Na limau lisiguse sufuria mpaka dengu ziive, kwani uchachu nao huzikaza. Muda sikutajii kwa uhakika: dengu za mavuno mapya huweza kuiva kwa dakika 40, za zamani zikapita saa moja na nusu. Vidole vyako ndivyo vitakavyosema.

Kusaga nako kuna mpango wake. Anza na thomu, maji ya limau na chumvi. Saga, uache dakika kumi. Limau huzuia ule ukali wa thomu unaochoma koo na kuzidi kesho yake. Halafu tia tahini peke yake, saga. Itakaza ghafla na kuwa nzito kama udongo wa kufinyangia. Usiogope, ndivyo tahini inavyofanya ikikutana na maji kidogo. Tia maji baridi kijiko baada ya kijiko, na utaiona inalegea na kuwa nyeupe. Hapo ndipo dengu zinaingia, zikiwa bado na uvuguvugu, na mashine isage dakika nne au tano bila haraka. Onja mwishoni, ongeza chumvi au limau. Maji yaliyochemshia dengu weka kikombe kimoja pembeni, maana humusi ikilala kwenye friji huwa nzito, na vijiko viwili vya maji hayo huirudisha.

Kama huku kwako malimau hayapatikani, tumia ndimu, lakini anza na vijiko vitatu badala ya vinne. Ndimu ni kali zaidi na harufu yake hufunika tahini.

Hujambo mama. Nina ndengu za kijani nyumbani, naweza kuzitumia? Na za mkebe kutoka supamaketi je, au mpaka niloweke? – Msomaji, Nakuru

Sijambo mwanangu. Hizo za kijani ni zile ambazo huku tunaziita choroko. Hazifai. Zinazotakiwa ni kubwa, za rangi ya krimu, zenye ncha ndogo kama mdomo wa ndege. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia kabuli chana.

Za mkebe zinafaa kabisa. Mkebe wa gramu 400 ukichujwa hutoa karibu gramu 240 za dengu. Kiasi hicho kinataka vijiko vitano vya chakula vya tahini, viwili vya maji ya limau na punje moja ya kitunguu saumu. Chumvi onja kwanza, mkebe huwa nayo tayari. Usizisage moja kwa moja. Zichemshe dakika 15 hadi 20 na nusu kijiko cha chai cha magadi soda, uzisuuze, ndipo usage. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu mkebe umeandikwa zimeiva. Zimeiva kwa saladi, kwa humusi bado.

Mama, shikamoo. Huku kwetu dengu tunalima, lakini ni ndogo za kahawia. Tahini sijaiona dukani, na mjini wanaiuza ghali. Ufuta upo, karanga zipo tele. Je, naweza kutumia karanga? – Mkulima, Shinyanga

Marahaba baba. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa kuwa una karibu kila kitu shambani au jirani.

Dengu zako ni za jamii ileile, ila ganda lao ni nene na jeusijeusi. Ukizisaga nzima, humusi itakuwa ya rangi ya udongo na itakwaruza ulimi. Tafuta zilizokobolewa na kupasuliwa, zile nusunusu za manjano wanazopikia daal. Ni dengu hizohizo zilizovuliwa ganda, na tatizo la ganda linakuwa limeisha kabla hujawasha moto. Zioshe mpaka maji yawe safi, ziloweke saa mbili au tatu, uzichemshe hadi zisambaratike. Magadi hazihitaji. Zichuje vizuri, maana hushika maji mengi, na kwenye kusaga punguza maji baridi yawe vijiko vitatu.

Tahini itengeneze mwenyewe. Ni ufuta uliosagwa, basi, na ufuta wa nchi hii, hasa wa Lindi na Mtwara, unasafirishwa mbali kwenda kwa watu wanaoula kwa heshima. Chukua vikombe viwili vya ufuta mweupe, upepete, uoshe mchanga wote utoke, uanike ukauke. Kaanga kwa moto mdogo bila mafuta, mkono usitoke kwenye mwiko, mpaka unukie na rangi igeuke kidogo tu. Ukiwa wa kahawia umeshaungua, na uchungu wake hautatoka kwa limau wala chumvi. Ukipoa kidogo, usage na vijiko vitatu au vinne vya mafuta ya alizeti. Mwanzoni utakuwa kama unga, kisha utashikana, na ukivumilia utaanza kumiminika. Hapo ndipo pa kusimama. Kama ufuta wako haukukobolewa, tahini itakuwa na uchungu kiasi. Anza na sehemu moja kwa nne za dengu, uonje, ndipo uongeze. Iweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mafuta yakipanda juu, koroga tu.

Karanga? Nitakujibu kwa moyo mweupe. Dengu na karanga zilizosagwa, limau na pilipili ni chakula kitamu, na watoto wako watakipenda. Tumia nusu ya kiasi cha tahini, kwa sababu karanga huzidi nguvu kila kitu. Lakini usikiite humusi. Watu wa Sham chakula hiki ni chao, wanakila asubuhi na mkate kuanzia Damascus hadi Jerusalem, na kwa Kiarabu jina lake kamili linaitaja tahini yenyewe: humusi kwa tahini. Mei 2010 wapishi wapatao 300 wa Lebanoni walitengeneza sahani moja ya kilo 10,452, na idadi hiyo ilichaguliwa makusudi, kwa kuwa ardhi ya nchi yao ni kilomita za mraba 10,452. Watu wanaokipima chakula kwa ukubwa wa nchi yao tuwaachie jina lao. Hicho chako kipe jina la Kisukuma, kitapendeza zaidi.

Na ukimkaribisha mgeni, mwambie kilichomo. Wapo wanaodhurika na karanga, na wapo wanaodhurika na ufuta vilevile.

Bibi, humusi ya kweli inatiwa bizari nyembamba au haitiwi? Huku kila mkahawa na lake. – Mzanzibari, Muscat

Yote ni kweli, mwanangu. Wapishi wengi wa Lebanoni hawaitii kabisa. Wapalestina na Wamisri wengi hutia. Mwalimu wangu, yule mpishi wa Nablus, alitia nusu kijiko cha chai kwa robo kilo ya dengu kavu, na mimi nimebaki hapohapo. Ikizidi hapo, humusi inanukia pilau.

Assalaam alaykum bibi. Ramadhani nataka kuwafuturisha watu 20, nami nataka humusi iwepo mezani na sambusa na viazi karai. Nitengeneze kiasi gani? Je, naweza kuitengeneza mapema, na umeme wetu huu unaokatika? – Binti wa Kisauni, Mombasa

Waalaykum salaam mwanangu, Mwenyezi Mungu akutakabalie.

Robo kilo ya dengu kavu, kwa vipimo vyangu, hutoa karibu kilo moja ya humusi. Kwa watu 20 wenye vyakula vingine mezani, nusu kilo ya dengu kavu inatosha na kubaki. Ukishazichemsha utakuwa na dengu za kilo moja na robo hivi, gramu kidogo chini. Tahini tia gramu 400, maji ya limau vijiko vya chakula tisa au kumi, thomu punje nne. Saga kwa mafungu mawili, blenda ya nyumbani itaelemewa.

Kazi ndefu ni ya dengu, basi hiyo ifanye mapema. Zichemshe siku yoyote ya wiki, zipoe, zigandishe kwenye friza kwa mifuko ya gramu 600. Siku ya futari zipashe moto kwa maji kidogo, uzisage baada ya alasiri. Humusi iliyosagwa hukaa siku tatu au nne kwenye friji inayofanya kazi. Umeme ukikatika muda mrefu na ndani pakapata uvuguvugu, usiibahatishe.

Itandaze kwenye sahani pana, si bakuli la kina, uchimbe mfereji kwa mgongo wa kijiko na umwagie mafuta ya zeituni. Yawe mafuta ya kula kutoka duka la vyakula. Zile chupa ndogo za duka la dawa wengi hupakia ngozi na nywele, ziache hukohuko. Dengu nzima chache juu, pilipili nyekundu ya unga kidogo, na mkate wa ajemi ukatwe vipande vya kuchotea. Itoe kwenye friji watu wakiwa wanaswali magharibi, ipunguze ubaridi. Itakayokaa mezani zaidi ya saa mbili usiirudishe. Weka nusu tu kwenye sahani, na nusu ibaki ndani mpaka itakapohitajika.