Vidoa vyeusi machoni kwa mgonjwa wa kisukari

Ndugu, umeuliza kama mama yako, mwenye kisukari kwa miaka mingi, anunuliwe miwani mipya kwa sababu ameanza kuona vidoa vyeusi vinavyoelea. Nakusihi umpeleke kwanza kwa daktari bingwa wa macho, wiki hii hii, apanuliwe mboni kwa matone na kuchunguzwa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwa kuwa miwani haitibu mishipa midogo ya damu inayovuja nyuma ya jicho. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huidhoofisha mishipa hiyo. Baadaye huota mingine mipya isiyo imara, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Matibabu yapo: leza, sindano za dawa kama bevasizumabu ndani ya jicho (hutiwa ganzi kwanza, asiogope), na upasuaji iwapo damu haiondoki yenyewe au retina inavutwa. Mara nyingi lengo huwa kuokoa uoni uliobaki, ndiyo maana kuchelewa kunaumiza sana. Akiona mimweko ya mwanga, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama pazia, huenda retina inabanduka: mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa zake za kisukari na za shinikizo la damu asiziache.