Cholmondeley, Cholmeley, Chumley: jina moja, tahajia nyingi

Maswali ya wiki hizi yamezunguka jina moja la ukoo wa Kiingereza: Cholmondeley. Ni adimu hata huko kwao, lakini wasomaji wa Kenya wanalifahamu kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ndilo jina la ukoo wa Lord Delamere, mlowezi wa enzi za ukoloni. Nimefurahi limeulizwa. Mtu akishaelewa namna ya kulifuatilia jina gumu kama hili, mengine mengi yatamfungukia.

Msomaji wa Nakuru: Huku kwetu tumezoea "Delamere" tu. Sasa nasoma kwamba jina lake lilikuwa Cholmondeley, na eti linatamkwa "Chamli". Lipi ni lipi?

Yote mawili ni yake. Delamere ni jina la cheo. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, katika jimbo la Cheshire, alipewa ubaroni, na cheo hicho kikaitwa Delamere, kama msitu ulio jirani. Tangu hapo mwenye cheo husaini "Delamere" peke yake, huku ukoo ukibaki Cholmondeley. Yule aliyekuja Kenya ni Hugh Cholmondeley, baroni wa 3, aliyezaliwa 1870 na kufariki 1931. Ndiye aliyejipatia maelfu ya ekari Njoro, kisha Soysambu kando ya Ziwa Elementaita, katika nchi ambayo Wamaasai walikuwa wakilishia mifugo yao kabla ya kuhamishwa kwa mkataba wa 1904. Delamere Avenue ya Nairobi, iliyoitwa kwa heshima yake, leo ni Kenyatta Avenue.

Kwa mtafutaji jambo hili lina uzito. Kwenye nyaraka za utawala wa Kenya utampata chini ya herufi D. Kwenye kumbukumbu za kuzaliwa kwake utazame C, maana mtoto huyo alikuwa bado hajarithi cheo chochote.

Kuhusu matamshi, ndiyo, ni "Chamli". Waingereza wana mazoea ya kumeza silabi za katikati. Mashabiki wa soka wanajua kwamba Leicester husomwa "Lesta". Mainwaring, jina jingine la Cheshire, husomwa "Manaring", na Featherstonehaugh lote lile huishia kuwa "Fansho". Midomo ilifupisha karne baada ya karne, lakini kalamu za familia zenye ardhi na hati zilishikilia maandishi ya zamani.

Msomaji wa Mombasa: Je, ni jina la Wanormani waliovamia Uingereza mwaka 1066?

Hapana, lenyewe ni la Waanglo-Saksoni, na ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la watu. Katika Domesday Book, ule ukaguzi mkubwa wa ardhi wa mwaka 1086, kijiji hicho cha Cheshire kimeandikwa Calmundelei. Ndani yake kuna mtu aliyeitwa Ceolmund, na neno la kale lenye maana ya uwanda uliofyekwa msituni. Kwa hiyo kabla ya Wanormani kufika, palikuwa na Ceolmund fulani aliyekuwa na sehemu yake pale.

Lakini hapa wengi huteleza. Ukoo wa Cholmondeley haudai kuzaliwa na Ceolmund. Vitabu vya nasaba vya Cheshire huutoa kwa mabwana wa Malpas, mji ulio jirani: watoto na wajukuu waligawana vijiji, na kila aliyepata kijiji alijiita kwa jina la kijiji chake. Tawi moja likawa Cholmondeley, jingine likawa Egerton.

Msomaji wa Njoro hapo ameshashtuka. Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Maurice Egerton, Lord Egerton wa Tatton. Majina mawili ambayo vitabu vya nasaba vinayapa babu mmoja Cheshire yalikuja kukutana tena Njoro. Hata hivyo usiharakishe kuchora mstari wa damu kutoka baba hadi baba. Ukoo wa baba wa Maurice uliitwa Tatton. Mmoja wa babu zake alichukua jina la Egerton katika karne ya 18 kwa kuwa urithi ulipitia kwa mama. Ukifuata jina tu bila kufuata ndoa, utawaacha akina mama waliolibeba jina, na bila wao jina hili lisingefika Njoro.

Msomaji wa Dar es Salaam: Nimekuta Cholmeley, Cholmley, Chomley na Chumley. Je, ni ndugu, au ni makosa ya makarani?

Hili ndilo swali lenyewe, nami nitakaa hapa kidogo.

Tahajia ya majina nchini Uingereza haikuwa imetulia hadi karne ya 18, na kwa watu wasiosoma ilichelewa zaidi. Kasisi au karani aliuliza jina, akasikia "Chamli", akaandika alivyoona inafaa. Mtu huyohuyo anaweza kubatizwa Chomley, akaoa kama Cholmley, akazikwa Chumley, bila mtu yeyote kudhani kuna kosa. Shakespeare mwenyewe, katika saini zake sita zilizosalia, hakuwa na tahajia moja ya jina lake. Kwa hiyo neno "kosa" halifai hapa.

Ila kuna matawi ambayo tahajia yao ilikuja kuganda na kuwa alama yao. Sir Roger Cholmeley, jaji mkuu wa karne ya 16, alianzisha shule ya Highgate, London, mwaka 1565, na mpaka leo waliosoma hapo hujiita kwa jina lake kwa tahajia hiyo. Kule Yorkshire, tawi la Whitby lilijiandika Cholmley. Wa tawi hilo ni Sir Hugh Cholmley, ambaye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza aliishika ngome ya Scarborough kwa niaba ya Bunge, kisha mwaka 1643 akahamia upande wa Mfalme. Mwanawe, Hugh pia, alisimamia ujenzi wa gati la Tangier, Moroko, Waingereza walipoushika mji huo. Wote hawa asili yao ni Cheshire.

Sasa, je, kila Chumley ni wa ukoo huo? Hapana. Jina la mahali lilimshika yeyote aliyetoka mahali hapo. Mchungaji wa kondoo aliyehama Cholmondeley kwenda mji mwingine angeweza kuitwa kwa jina la alikotoka, bila tone la damu ya mabwana. Tahajia inakuonyesha pa kutafuta. Undugu unathibitishwa na hati.

Na usiiachie kompyuta kazi hii. Tovuti nyingi za nasaba hutumia mfumo wa Soundex, uliosajiliwa Marekani mwaka 1918, unaobakiza herufi ya kwanza, unaacha irabu na kugeuza konsonanti kuwa tarakimu. Nao hulikatakata jina letu vipande vitatu: Cholmondeley hupata C455, Cholmeley na Cholmley C454, Chumley na Chomley C540. Ukitafuta moja, mengine hayaji. Pale tovuti inaporuhusu nyota mahali pa herufi zisizojulikana, andika Ch*ley, uyapate yote kwa mkupuo. Utavuta na akina Chorley pia, lakini hao ni rahisi kuwachuja.

Msomaji wa Leicester: Naishi Uingereza, mume wangu ni Chumley. Tuanzie wapi?

Anzeni na wazee wa mume wako walio hai, dada yangu, kisha mrudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usianze na lord wa karne ya 16 ukashuka chini. Njia hiyo huishia kwenye nasaba ya kupendeza isiyo yenu.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa zenye majina ya watu zipo kila baada ya miaka kumi tangu 1841, nazo hufunguliwa baada ya miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo baada ya 1921 kuna pengo kubwa. Kabla ya 1837 mnategemea daftari za parokia, zilizoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538. Tangu mwisho wa karne ya 16 parokia zilitakiwa pia kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka. Itafuteni nakala hiyo. Mara nyingi imeandikwa kwa mkono mwingine, na mkono mwingine huleta tahajia nyingine. Kuanzia 1754 wanaooana walisaini daftari la ndoa au wakatia alama, na saini ni ushahidi wa namna mtu mwenyewe alivyoliandika jina lake.

Tahadhari moja ya tarehe: hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Ubatizo wa Februari 1640 daftarini ni wa Februari 1641 kwa hesabu yetu. Wengi wameona mtoto "aliyezaliwa kabla ya ndoa" ilhali wazazi walioana vizuri kabisa.

Msomaji wa Kampala: Kuna tovuti inauza "nembo ya ukoo wa Cholmondeley". Ninunue?

Usinunue. Nchini England nembo hutolewa kwa mtu na wazawa wake, haitolewi kwa jina la ukoo. Mamlaka yake ni College of Arms, London, iliyoundwa mwaka 1484.

Msomaji wa Zanzibar: Ile picha ya wanawake wawili kitandani wenye watoto wachanga inahusiana na ukoo huu?

Ndiyo, iko katika makumbusho ya Tate, London, nayo ilichorwa mwanzoni mwa karne ya 17. Maandishi yake yanasema ni mabibi wawili wa ukoo wa Cholmondeley, waliozaliwa siku moja, wakaolewa siku moja na kujifungua siku moja. Majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Msomaji wa Kisauni: Ukoo wetu una jina la Kiingereza tangu kwa babu wa babu. Je, tuna Mwingereza nyuma yetu?

Si lazima, na kwa mtu wa Kisauni ningeanza na sababu nyingine. Freretown, makazi ya watu waliookolewa utumwani, yalianzishwa hapo na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana) mwaka 1875. Waliofikia huko, na wale waliotangulia kupelekwa India na kusomea Nashik, wengi walibatizwa kwa majina ya Kiingereza. Jacob Wainwright, aliyekuwamo katika msafara uliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na akawa miongoni mwa waliobeba jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey mwaka 1874, alikuwa Myao. Jina Wainwright huko Uingereza ni la mafundi wa magari ya kukokotwa, na yeye hakuwa na undugu nao wowote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na daftari za ubatizo za kanisa lenu. Kisha kuna nyaraka za CMS, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Unapozisoma, tafuta jina la ubatizo, na tafuta pia jina la Kiafrika, kabila, au jina la meli iliyowaleta, popote karani alipoyaandika. Hayo ndiyo yatakayokupeleka kwa babu huyo.