Pikapu ya dizeli inayokataa kushika alfajiri

SWALI: Fundi, nina pikapu ya dizeli ya siku nyingi, yenye silinda nne. Nikiteremka nayo Nakuru au Kisumu inashika mara moja, lakini alfajiri hapa Molo, hasa mwezi huu wa Julai, napiga stata mara tano au sita ndipo ishike, na ikishika hutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa muda. Nimeshauriwa ninunue betri mpya. Je, kweli ni betri? – Msomaji, Molo

JIBU: Ndugu yangu wa Molo, usitoe shilingi yoyote ya betri kabla hujaisikiliza stata yenyewe. Kesho alfajiri, fungua kioo cha mlango, piga stata kwa sekunde kumi hivi, na usikilize. Ikiwa injini inazunguka kwa kujivuta, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, hapo umeme haufiki inavyotakiwa. Ikiwa inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri haina kosa, na kilichokosekana ni joto au mafuta. Moshi mweupe unaoutaja unanielekeza kwenye joto, kwa sababu moshi huo ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikageuka mvuke bila kuungua.

Injini ya dizeli haina cheche. Hushindilia hewa hadi ipate moto wa kutosha kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa, na kwa hiyo kila kinachoipunguzia hewa hiyo joto huifanya ikatae kushika. Molo iko takribani mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama robo ikilinganishwa na pwani, huku Kisumu ikiwa kwenye mita 1,100 na ushei. Basi asubuhi yako ina mikosi miwili kwa pamoja: hewa ni baridi, tena ni nyepesi, na chuma cha injini kilicholala nje usiku kucha huifyonza ile harara kidogo iliyopatikana. Ndiyo maana ubovu uleule hufichika kabisa ukifika Kisumu.

Kazi ya kuziba pengo hilo ni ya plagi za joto, ambazo mafundi wengi huziita hita. Moja ikifa kati ya nne, gari hushika kwa kutetemeka. Zikifa mbili au tatu, utapiga stata hadi uchoke. Kuzipima si kazi ngumu. Zima gari, ondoa utepe wa chuma unaoziunganisha vichwani, kisha weka mita yako ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ncha moja juu ya kichwa cha plagi na nyingine kwenye chuma safi cha injini. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe na uandike namba inayotokea, kwa kuwa mita za bei nafuu huongeza nusu omu yao wenyewe, kisha uitoe katika kila kipimo. Plagi nzima kwa kawaida huonyesha omu moja hivi au pungufu. Iliyokatika haionyeshi namba yoyote. Usizijaribu kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri, kwa maana baadhi yake zimeundwa kwa volti chini ya 12 na zitaungua mikononi mwako. Zikiwa zote nzima, rudisha utepe, washa swichi bila kupiga stata, na upime kama umeme unafika hapo. Usipofika, tafuta fyuzi au rilei yake, yaani ile swichi inayoendeshwa na umeme.

Wakati wa kuzifungua, injini iwe na uvuguvugu na uzi wa plagi uwe umelowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Plagi ikikatikia ndani ya kichwa cha injini, gharama yake itapita ya betri mbili.

Betri nayo isiachwe bila kupimwa. Ikiwa imepumzika usiku mzima ionyeshe karibu volti 12.6, na stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6. Ninalikazia hili kwa sababu mwaka jana nililetewa gari lililokuwa limekwisha kubadilishiwa betri mara mbili, na tatizo lilikuwa waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi ya bodi; nilipouweka mkono baada ya kupiga stata, boliti ilikuwa moto wa kuunguza. Tulikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukakaza, na betri ile ya kwanza ikarudishwa ikafanya kazi.

Ikiwa asubuhi hakuna moshi wowote, hapo huenda dizeli inarudi tangini usiku kupitia mpira au kiungo kinachovuta hewa. Piga kwa mkono ile pampu iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, ndipo upige stata. Ikishika mara moja, tatizo umelijua.

Kitu kimoja nakusihi: asije mtu akakupulizia etha, ile dawa ya kuwashia injini, au petroli kwenye njia ya hewa ili ishike. Plagi zikiwa na moto, mvuke huo hulipuka kabla ya wakati wake, na nimefungua injini ambazo pistoni zilikuwa zimepasuka kwa sababu hiyo.

Plagi na umeme vikiwa sawa na bado inakataa, ndipo tupime mgandamizo wa silinda, kwa geji ya dizeli, maana ile ya petroli haifiki kiwango chake. Nitumie volti za betri kabla na wakati wa kupiga stata, pamoja na omu za kila plagi, nami nitakuambia tuanzie wapi.