Muulize Mwalimu: Furu, sangara na maneno ya ikolojia

Safari hii nimechagua barua zilizotoka kandokando ya Ziwa Victoria. Nimefundisha Baiolojia Mwanza mpaka nikastaafu, na maneno mengi yanayowasumbua wanafunzi kwenye mada ya ikolojia yanaonekana ziwani kwa macho, bila darubini.

Shikamoo Mwalimu. Naomba unieleze tofauti ya makazi na nafasi ya kiikolojia. Daftari langu linasema makazi ni mahali kiumbe anapoishi, na nafasi ni kazi yake katika mazingira. Nimekariri, lakini swali likigeuzwa kidogo tu napotea.
*Kidato cha Pili, Ukerewe*

Marahaba mwanangu. Ulichokariri ni sahihi, ila hujapata mfano wa kukishikia. Chukua furu. Wewe wa Ukerewe umewaona tangu utotoni, wale samaki wadogo ambao watoto huwavua kwa ndoano kwenye mawe. Sisi tunawaita wote furu, lakini wataalamu wanakadiria kuwa katika ziwa hili zilikuwamo spishi zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Sasa simama kwenye ghuba moja yenye mawe, maji yakufike kiunoni. Hayo ni makazi, na humo furu wa spishi kadhaa wanaishi pamoja. Mmoja anakwangua mwani kwenye mawe. Mwingine anakula planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Mwingine anaponda konokono. Wapo hata walioishi kwa kupora mayai na watoto kutoka kinywani mwa mama, maana furu jike huatamia mayai yake mdomoni. Mahali ni pamoja, riziki ni mbalimbali. Nafasi ya kiikolojia ni hiyo riziki na namna ya kuipata: anakula nini, wakati gani, kwenye kina gani, anazaliana wapi, na yeye analiwa na nani. Spishi mbili zikitaka kitu kilekile, mahali palepale, kwa namna ileile, zitagombania, na mara nyingi moja husukumwa nje.

Jaribu hivi nyumbani. Mwombe mama furu mmoja kabla hajaingia chunguni. Funua mashavu yake, ondoa matamvua mekundu, na huko nyuma kwenye koo utakuta taya la pili: kimfupa cha pembe tatu kilichojaa meno. Kichemshe kidogo, kisugue kwa mswaki mkuukuu, kianike. Kwa furu mla konokono, meno ya katikati ni manene na butu kama punje za mtama. Kwa anayekula wadudu au planktoni, ni membamba yaliyochongoka. Nilikuwa nanunua fungu zima pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kila mwanafunzi anapata wake, na kabla sijasema neno wanaanza kubishana nani alikuwa anakula nini. Yupo furu mmoja wa kando ya matete, jina lake la kisayansi *Astatoreochromis alluaudi*, ambaye akikuzwa kwa chakula laini meno hayo hayanenepi. Yaani umbo lake linatokana na urithi na pia na chakula alichokulia. Liweke hilo akilini mpaka mfike kwenye jenetiki.

Mwalimu, kwenye mnyororo wa chakula tunachora mwani, planktoni, omena, mbuta, kisha binadamu. Kwa nini tunaishia hapo? Kwa nini usifike viumbe kumi?
*Kidato cha Tatu, Kisumu*

Kwa sababu nishati inaishia njiani. (Wasomaji wa Tanzania, omena ni dagaa wetu na mbuta ndiye sangara.) Mwani ndiye mzalishaji: kwa usanisinuru unatumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula. Wanaofuata wote ni walaji, na kila mlaji hutumia sehemu kubwa ya alichokula kupumua, kuogelea na kukimbia maadui, na kingine hutoka kama kinyesi. Makadirio yanayotumika shuleni ni kwamba takriban asilimia 10 tu hupita kwenda ngazi inayofuata. Piga hesabu: kilo 1,000 za mwani zinalisha planktoni wa kilo 100, hao wanalisha omena wa kilo 10, nao wanatoa mbuta wa kilo 1. Weka mbuai mwingine juu yake, kisha mwingine, uone atakachobakiziwa yule wa kumi.

Mambo mawili ya kukusaidia kwenye mtihani. Mshale unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji, kwa kuwa unaonyesha nishati inakoelekea. Nimesahihisha madaftari mengi mno yenye mshale uliogeuzwa. La pili, mbuta hali omena peke yake. Anakula furu, anakula uduvi, anakula hata watoto wa mbuta wenzake. Ukiunganisha minyororo hiyo yote unapata mtandao wa chakula, na huo ndio hali halisi ya ziwa.

Shikamoo Mwalimu. Tumefundishwa kwamba sangara ni spishi vamizi iliyoangamiza furu. Baba yangu ni mvuvi wa sangara, na sare zangu, madaftari yangu na nauli yangu vyote vinatoka huko. Je, baba anaishi kwa kitu kibaya? Na ziwa lingekuwa bora bila sangara?
*Kidato cha Tatu, Sengerema*

Marahaba mwanangu. Baba yako hana kosa lolote, tuanze na hilo.

Spishi ya asili ni ile iliyokuwapo mahali bila kuletwa na mtu. Spishi ngeni imeletwa. Spishi vamizi ni ngeni iliyozaliana na kuenea kiasi cha kuwadhuru wenyeji. Siyo kila ngeni ni vamizi. Sangara kwao ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda miaka ya 1950, na mapema miaka ya 1960 wakaongezwa wengine. Walioliunga mkono wazo hilo waliona furu ni wadogo na hawana soko, wakataka samaki mkubwa awale furu hao na kuwageuza nyama ya kuuzwa. Wapo wanasayansi waliolipinga mapema kabisa.

Kwa miaka karibu ishirini sangara alibaki wa kubahatisha. Kisha miaka ya 1980 kundi lake likafumuka. Kundi, kwa maana ya ikolojia, ni wote wa spishi moja walio mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kundi la sangara lilipopanda, makundi ya furu yalianguka, na kwa kuwa furu ndio waliokuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa ziwa, jamii nzima ya viumbe ilibadilika. Dagaa waliongezeka. Uduvi waliongezeka. Spishi takriban 200 za furu zinadhaniwa zimetoweka, na spishi ikitoweka hakuna wa kuirudisha. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu wengine waliondoka kabla hata hawajapewa jina.

Lakini kumtwika sangara mzigo wote ni kusoma nusu ya ukurasa. Mbolea, majitaka na udongo wa mashamba vilikuwa vinamiminika ziwani, na virutubisho hivyo vikastawisha mwani kupita kiasi. Mwani ukifa huzama, bakteria huuozesha, na katika kuuozesha hutumia oksijeni, hivyo maji ya chini yakakosa hewa. Juu nako maji yakawa na ukungu. Hapa sikiliza vizuri: furu jike huchagua dume kwa rangi, huyu mwekundu, yule wa buluu. Maji yakichafuka rangi hazionekani sawasawa, majike wanachanganya, na spishi mbili zinaanza kuzaliana na kuwa moja. Spishi inaweza kupotea bila mtu kumla samaki wake hata mmoja. Halafu sangara ana mafuta mengi, hakaushwi juani kama dagaa, anabanikwa kwa moto. Kuni zikakatwa, na mvua ikazidi kushusha udongo ziwani. Ukiweka viumbe hao wote pamoja na maji, hewa, mwanga, udongo na moshi huo wa kubanikia, unapata kitu kinachoitwa mfumo ikolojia.

Na ngege, samaki wetu wa asili aliyesifika kwa utamu, alikwisha kupungua kwa nyavu kabla sangara hajatamba. Sato unayekula nyumbani naye ni mgeni, aliletwa miaka hiyohiyo ya 1950.

Ziwa lingekuwa bora bila sangara? Kwa furu, ndiyo, na sitakuficha. Kwa watu jibu ni gumu: viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yanayouzwa Asia, mapanki (vichwa na mifupa inayobaki baada ya kutoa minofu) yaliyolisha familia nyingi zisizomudu mnofu. Kumwondoa sasa hakuwezekani. Ila tangu miaka ya 1990, alipovuliwa sana, baadhi ya furu wameanza kuongezeka tena, hasa wala planktoni. Kwa hiyo uvuvi wa baba yako umewapa nafuu kidogo. Mwambie tu amwache sangara aliye chini ya sentimita 50, kama sheria inavyotaka, kwa sababu jike wa ukubwa huo kwa kawaida hajapata kutaga.

Mwalimu, gugu maji tulilovuta likaachwa ufukweni linanuka. Kuna haja ya kulihamisha?
*Klabu ya mazingira, Bukoba*

Ipo. Gugu hilo, lililotoka Amerika Kusini, limenyonya naitrojeni na fosforasi ziwani. Likioza ukingoni, viozeshi, yaani bakteria na kuvu, huvirudisha virutubisho hivyo majini na mvua inayofuata. Livuteni mbali na maji, mligeuze mboji. Na mkiona kwenye majani makovu madogo ya duara, huyo ni fukusi aliyeletwa miaka ya 1990 kulila. Ni mgeni pia, na mpaka sasa hajawa vamizi.

Kamongo ana mapafu. Sasa ni samaki au siyo?
*Darasa la Sita, Magu*

Ni samaki: ana uti wa mgongo, mapezi na matamvua. Mapafu ni sifa ya kuendana na mazingira, maana kwenye madimbwi ya matete oksijeni ya majini ni haba. Kamongo mkubwa lazima apande juu kuvuta hewa, na akinaswa na wavu chini muda mrefu hufa kwa kukosa pumzi. Siku ukipita kando ya matete jioni, tulia usikilize. Huvuta hewa kwa sauti, utamsikia.