Maswali ya wasomaji: Raga ya wanawake yabisha hodi Kusini

Tangu timu ya England ilipotwaa Kombe la Dunia la Raga la Wanawake katika uwanja wa Twickenham jijini London, tarehe 27 Septemba 2025, safu hii imekuwa ikipokea barua kuhusu mchezo huo kutoka Mtwara na Lindi, mikoa ambayo kwa kawaida hutuandikia kuhusu Namungo, netiboli ya shule na waamuzi wa ligi. Tumechagua tano, tukazifupisha, na kuzijibu hapa.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Nachingwea. Wanafunzi wangu wa kike wameona vipande vya fainali kwenye simu na sasa wananibana kwa maswali. Yale matokeo ya 33 kwa 13 yalipatikanaje? Na kwa nini mwenye mpira anatoa pasi nyuma ilhali anakokwenda ni mbele?

Mwalimu, fainali hiyo ya England na Kanada inatosha kuwa somo zima. Mchezaji anayevuka mstari wa goli la wapinzani na kuugandamiza mpira ardhini kwa mkono amefunga trai, nayo ina pointi 5. Baada ya trai, timu yake hupewa nafasi ya kupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili na juu ya mwamba unaoziunganisha, na ukipita wanaongezewa pointi 2. Penalti iliyopigwa kwa namna hiyo hiyo ina pointi 3. England walifunga trai tano, yaani pointi 25, na wakapata mikwaju minne ya nyongeza, yaani 8, jumla 33. Kanada walifunga trai mbili, zote za Asia Hogan-Rochester, nyongeza zote mbili zikakosekana, kisha penalti moja ya Sophie de Goede ikawafikisha 13. Waandikie ubaoni hesabu hiyo kabla ya kuwaeleza kanuni yoyote nyingine, na nusu ya maswali yao yatakwisha.

Kuhusu pasi, kanuni inakataza kuurusha mpira mbele kwa mikono. Unaweza kukimbia nao mbele, unaweza kuupiga mbele kwa mguu, lakini mkono hutoa pasi ya nyuma au ya ubavuni tu. Matokeo yake ni kwamba anayeongoza mashambulizi daima ana wenzake nyuma yake, wamejipanga mshazari, kila mmoja akisubiri kuupokea huku tayari akiwa mbioni, na ndiyo maana mchezaji asiye na mpira hufanya kazi kubwa kuliko mtazamaji mgeni anavyodhani. Waambie wanafunzi waitazame tena trai ya kwanza ya England, aliyoifunga Ellie Kildunne katika dakika ya nane baada ya Kanada kutangulia. Kila mtu humtazama yeye anavyowapiga chenga mabeki, lakini wanaojifunza wawatazame wale wanaomfuata.

Nafanya biashara ya korosho Tandahimba na sijawahi kucheza raga, ila nilishangaa kuona uwanja umejaa watu kwa ajili ya mechi ya wanawake. Haya mashindano yalianza lini, na nani aliyeyagharamia?

Ndugu msomaji, mshangao wako una sababu, kwa maana siku ile waliingia watazamaji 81,885, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika mechi yoyote ya raga ya wanawake, na katika mashindano yote tiketi zilizouzwa zilizidi 440,000. Mwanzo wake, hata hivyo, haukuwa na mfadhili wa maana, na kwa mfanyabiashara kama wewe ndiyo sehemu inayofaa kusimuliwa.

Kombe la kwanza lilichezwa Wales mwaka 1991 na timu 12. Waliolibuni ni wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya London: Deborah Griffin, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth, waliokuwa na kazi zao na familia zao na wakalipanga shindano zima katika saa za ziada. Chombo kilichosimamia raga duniani wakati huo hakikuwapa baraka zake, na baada ya miaka mingi ndipo kilipolitambua kombe lile kuwa Kombe la Dunia. Timu zilijigharamia. Wachezaji wa Umoja wa Kisovyeti, ambao nchi yao haikuwaruhusu kutoka na fedha za kigeni, walifika Wales na shehena ya vodka na mayai ya samaki yale ya bei ghali, wakakusudia kuviuza ili wapate chakula na malazi, na maofisa wa forodha wakawabana. Ilibidi wenyeji wawachangie. Marekani iliifunga England 19 kwa 6 katika fainali, na Sue Dorrington, mmoja wa wale wanne, alikuwa uwanjani akiichezea England siku hiyo hiyo. Deborah Griffin mwaka 2025 akawa mwanamke wa kwanza kushika urais wa chama cha raga cha England, kwa hiyo shindano alilolianzisha bila fedha lilirudi nchini mwake yeye akiwa ndiye mkuu wa chama.

Tangu hapo England wamelitwaa mara tatu, mwaka 1994, 2014 na 2025, na New Zealand mara sita. Fedha kwa sasa hutoka kwenye tiketi, haki za matangazo na wadhamini, lakini hazigawanyiki sawa. England walianza kuwapa wachezaji 28 wa raga ya watu 15 kila upande, ile ya Kombe hili, mikataba ya ajira ya kudumu mwanzoni mwa mwaka 2019. Kanada, waliokuwa wa pili kwa ubora duniani walipokwenda kwenye mashindano haya, ilibidi chama chao kiombe michango ya umma ili kupata dola milioni moja za Kanada zilizopungua katika bajeti ya maandalizi. Na bado waliwatoa New Zealand katika nusu fainali kwa 34 kwa 19. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mechi bora ya mashindano yote, kuliko fainali yenyewe.

Binti yangu, aliyeko kidato cha pili hapa Mtwara mjini, anataka kucheza raga na marafiki zake wa Shangani. Mama yake amekataa katakata kwa sababu ameona watu wanavyoangushana. Mimi niko katikati. Je, mchezo huu ni hatari?

Mzee wangu, mama ana hoja. Raga ni mchezo wa kugongana, majeraha yapo, na jeraha linaloogopwa kuliko mengine ni la kichwa, kwa sababu mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa nje kama goti lililovimba. Anayekuambia hakuna hatari anakudanganya.

Hata hivyo, kanuni za sasa zimejengwa kuizunguka hatari hiyo. Ni kosa kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega, na anayemgonga mwenzake kichwani kwa uzembe anaweza kutolewa nje. Katika fainali iliyochezwa Auckland mwaka 2022, England walikuwa wameshinda mechi 30 mfululizo na wanaongoza, winga wao akagongana kichwa kwa kichwa na Portia Woodman wa New Zealand, mwamuzi akatoa kadi nyekundu katika dakika ya 18. Hakuna aliyedai kwamba alikusudia, lakini kanuni haiulizi nia. England walicheza zaidi ya saa moja wakiwa 14, wakapoteza kombe kwa 34 dhidi ya 31. Katika mashindano ya 2025 karibu wachezaji wote walivaa kinga ya meno yenye kifaa cha kupima nguvu ya mgongano, ambayo huwaka taa nyekundu kinywani pigo likiwa kubwa, ili mwamuzi asimamishe mchezo na mchezaji atolewe akapimwe na daktari.

Huku kwetu hatuna taa hizo, kwa hiyo mambo ni mawili. La kwanza, binti asianze na raga ya kuangushana. Ipo raga ya utepe, ambamo kila mchezaji huchomeka vitambaa viwili kiunoni, kimoja kila upande, na kukichomoa kitambaa cha mwenye mpira huhesabiwa kuwa umemkaba. Vipande vya kanga iliyochakaa, vya urefu wa mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko, vinafaa kabisa, mradi visifungwe fundo bali vichomekwe tu ndani ya mkanda au lastiki ya bukta ili vitoke vikivutwa. Akicheza hivyo msimu mzima atajua kukimbia, kupiga pasi na kujipanga, na mtakuwa mmepata muda wa kumtafuta mwalimu anayejua kufundisha kuanguka na kukaba kwa bega huku kichwa kikiwa ubavuni mwa mwenye mpira, si mbele yake. La pili, yeyote anayegongwa kichwa, akionekana amechanganyikiwa, anatapika, anasinzia au kichwa kinamuuma, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na apelekwe hospitali. Hilo lisijadiliwe.

Tena Shangani mna ufukwe. Maji yakishakupwa, mchanga ule mbichi uliokazana ni salama zaidi kwa kuanguka kuliko viwanja vingi vya shule ninavyovifahamu, ambavyo kiangazi huwa vigumu kama sakafu.

Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tatu, Lindi. Nilisoma kwamba Afrika ilikuwa na timu moja tu kwenye Kombe la Dunia. Kwa nini? Na sisi ambao huku hatuna timu tuanzie wapi?

Marahaba binti. Ni kweli, kati ya timu 16 za mwaka 2025, idadi iliyoongezwa kutoka 12, Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, baada ya kutwaa Kombe la Afrika lililochezwa Madagaska mwaka 2024. Bingwa wa bara ndiye aliyefuzu moja kwa moja, na wengine ilibidi wapitie mlango mwembamba. Wala timu hiyo moja haikuwa ya kusindikiza. Iliifunga Brazili 66 kwa 6, ikaishinda Italia 29 kwa 24, na kwa mara ya kwanza ikaingia robo fainali, ambako ilikwenda mapumziko ikiwa 10 kwa 10 na New Zealand kabla ya kuzidiwa 46 kwa 17.

Lakini usiitazame Afrika Kusini tu, yenye viwanja na fedha. Watazame Madagaska, jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, ambao raga kwao ni mchezo wa mitaani hasa, na watazame Kenya, ambao wanawake wao walicheza Olimpiki mara mbili, Rio 2016 na Tokyo, katika raga ya wachezaji saba kila upande. Nakushauri muanze na hiyo ya saba. Kila kipindi ni dakika saba, mapumziko ni dakika mbili, na kupata wasichana saba wenye mbio na wa akiba watano katika shule moja ya Lindi hakuwezi kuwa kazi kubwa kama kupata 15 na akiba yao. Kasi mnayo, nimewaona wasichana wa Kusini wakikimbia mita 200 pekupeku. Uwanja ni ule ule mkubwa, usiozidi mita 100 kwa 70, kwa hiyo wa mpira wa miguu unatosha. Mwombeni mwalimu wenu asome mafunzo ya usalama ya Shirikisho la Raga Duniani, ambayo hutolewa bure mtandaoni, kisha shule iandikie chama cha raga cha taifa. Nchini kwetu mchezo huu una mizizi Arusha na Dar es Salaam, na barua yenye majina ya wachezaji ambao tayari wanafanya mazoezi husomwa tofauti na barua ya kuomba mipira. Mpira mmoja wenye umbo la yai unatosha kundi la watu kumi na wawili.

Nina kibanda cha kuonyesha mpira Kilwa Masoko. Nikitaka kuonyesha raga ya wanawake, watu watalipa kiingilio? Kombe lijalo ni lini?

Kombe lijalo ni 2029 nchini Australia, na la 2033 litakuwa Marekani. Mechi ya saa moja jioni Sydney itaangukia saa sita mchana kwetu, saa ambazo kibanda chako, nadhani, huwa kitupu, hivyo hutapoteza wateja wa ligi ya Uingereza. Kuhusu kiingilio, usitoze mwanzoni. Jaribu kwanza mashindano ya dunia ya raga ya saba, ambayo mwishoni mwa mwaka hufika Dubai na Cape Town, miji ambayo saa zake hupishana na zetu kwa saa moja tu. Wanawake na wanaume hucheza uwanja mmoja siku hizo hizo, mechi moja humalizika kabla mteja hajamaliza soda, na inayofuata huanza papo hapo. Hakikisha tu mapema kwamba king'amuzi chako kina chaneli inayoonyesha.